Gia ya Tatu

Fundi aliniambia gari ya otomatiki hujifunza mguu wa mwenyewe. Ukishafuta kumbukumbu ya kompyuta ya giaboksi, uiendeshe polepole, bila hasira, mpaka ijue lini ibadilishe gia. Bila hasira! Aliyenipa sharti hilo hakunijua.

Kosa lilikuwa langu. Niliifungia gari turbo kubwa kuliko ile iliyotoka nayo Japani, giaboksi nikaiacha ileile. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu ilisita, kisha ikapiga kwa kishindo. Madereva wa malori waliopanga foleni Malaba, ambao mizigo yao ndiyo hunipa riziki pale mpakani, walinitania: "Boss, hiyo si gari, ni punda. Inapiga teke!" Nilicheka nao. Mke wangu, mwenye mgongo mbovu tangu ateleze na ndoo ya maji, hakucheka. Siku moja tukitoka Busia aliniomba niende pole. Nikakanyaga zaidi. Kesho yake alirudi kwao Chakol.

Nyumba iliniwia kubwa. Nilisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, asubuhi nikala uliolala, nikichukia kila tonge. Badala ya kumpigia simu, nikashughulikia gari: oili mpya ya gia, chujio, na kipoza oili mbele ya rejeta. Fundi akafuta kumbukumbu ya giaboksi, kisha kila jioni nikawa naendesha kutoka Malaba hadi Amukura na kurudi, mguu mwepesi, kiti cha pembeni kitupu. Siku gia ya tatu ilipoingia bila mimi kujua, nilipiga kelele ya furaha peke yangu garini. Sikuwa na wa kumwambia.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Chakol. Kwetu mume hafuati mke peke yake. Huja na wazee wawili watatu, wakaketi, kosa likasemwa. Baba mkwe alinipokea uani, akatazama nyuma yangu.

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja na gari, mzee. Nimeitengeneza."

Akamwita binti yake.

Mke wangu aliingia garini, akaushika mlango kwa nguvu kama zamani. Tukaelekea Amukura. Gia ya pili, ya tatu, ya nne. Taratibu mkono wake ukauachia mlango.

"Imekuwa laini," alisema. "Ilichukua muda gani?"

"Miezi miwili."

"Na hiyo miezi miwili yote, ulishindwa kuniuliza tu mgongo iko aje?"

Nikamwambia kipoza oili kilichelewa kufika kutoka Nairobi.

Aligeukia dirisha. "Nirudishe kwa baba. Ukikuja tena, kuja na wazee."

Nikageuza gari, nikamrudisha taratibu hadi mlangoni kwao. Hali ya mgongo wake sikuiuliza hata wakati huo.