Nani Alikizima Kioo cha Mahfudha

Mahfudha Seif alipiga taipu tangu ana miaka kumi na saba, na katika hoteli ile ya ufuoni Malindi hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa vidole. Mwaka 1988 hoteli iliponunua kompyuta, yeye ndiye aliyepewa kitabu chake, kinene kama tofali, akakisoma chote kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyetaka kukisoma. Barua za hoteli na majina ya wageni aliyaweka humo.

Meneja, Bwana Ngala, alikuwa na matumizi yake mengine. Mgeni mmoja alimwachia mchezo wa ndege, wa zamani kidogo, ambao ulikataa kuonekana kwenye kioo cha kompyuta, cha maandishi ya kijani; ulitaka televisheni. Fundi akaitwa kutoka Mombasa, akatia ndani ya mashine kadi ya pili, ya kupeleka picha kwenye televisheni. Tangu hapo televisheni ya ukumbini ikawa inabebwa jioni hadi ofisini, Bwana Ngala akirusha ndege zake.

Jumatano asubuhi Mahfudha alivua buibui, akalitundika, akawasha mashine. Ikanguruma, ikalia mlio wake mfupi, taa ya diski ikamweka. Kioo kikabaki cheusi tititi. Akazima, akawasha tena. Vile vile.

"Umeifanya nini?" Bwana Ngala alikuwa mlangoni, na nyuma yake wapishi na wahudumu waliokuja kupangiwa kazi za siku.

"Nimefika sasa hivi, Bwana Ngala. Nimeikuta hivi."

"Jana uliiacha nzima?"

"Nzima."

"Basi imejiua yenyewe?" Akawageukia watu. "Nilisema mimi, mwanamke na mashine wapi na wapi! Vidole vya taipu vimeiua kompyuta. Fundi hawezi kuja ila Jumamosi. Na wewe, leo nataka barua ya kujieleza. Kwa mkono."

Kuna aliyecheka. Mahfudha alifungua kinywa kujibu, lakini Bwana Ngala alikwisha anza kugawa kazi za siku.

Walipotawanyika akakivuta kiti, akaketi. "Kwa mkono!" akasema peke yake. "Kwa mkono!" Kisha akajilazimisha kufikiri. Mashine inanguruma, taa inamweka. Kwa hiyo haijafa. Inafanya kazi, ila picha inaipeleka kwingine. Akainama nyuma ya meza. Waya wa televisheni ulikuwa ukining'inia, na televisheni yenyewe haipo.

Dzombo, mhudumu wa ukumbini, akaingia na chai. "Kunywa, Bi Mahfudha. Mtu yule usimjali."

"Niletee televisheni, Dzombo."

Akaenda, akarudi mikono mitupu. "Bwana Ngala kasema isiguswe."

"Hata kuangalia nisiangalie?" Akaisukuma chai, ikamwagika sahanini. "Haya. Nitaandika gizani."

Kitabu kilisema iko amri ya kuirudisha picha kwenye kioo cha kijani: herufi nane, na nafasi moja katikati. Akaiandika pasipo kuona kitu. Kimya. Akaiandika tena, herufi moja moja. Kimya. Akaipiga meza kwa kiganja na kuparamia vitufe ovyo, na mara mashine ikatoa mlio mwembamba, mrefu, wa ndege inayoanguka.

Dzombo aliruka. Mahfudha akatoa macho. "Ni mchezo! Unajifungua wenyewe mashine ikiwashwa. Mimi naandika amri, kumbe naendesha ndege!"

Akabonyeza kitufe cha pembeni, cha kutokea mchezoni, akangoja taa ya diski izimike. Akaandika zile herufi nane. Maandishi ya kijani yakajaa kioo.

Hakufurahi. Aliitisha orodha ya mafaili, na kila faili huonyesha saa yake. Jana, saa moja na dakika arobaini usiku, mtu alikuwa ametia diski ya nyongeza ya mchezo ule, yenye viwanja vipya vya ndege. Badala ya kuitengea mahali pake, akaimwaga yote juu ya mafaili ya hoteli. Nyongeza ilikuja na faili lake la kuwashia mashine, likalifuta lile la Mahfudha, nalo likaamuru: picha iende kwenye televisheni, kisha mchezo uanze. Mahfudha aliondoka kazini saa kumi na moja.

Akaichapa orodha ile karatasini. Akaandika upya faili lake, akazihamisha takataka za viwanja mahali pa peke yake. Kidole kilimwasha azifute, akakizuia. Kisha akaenda jikoni, alikokuwa Bwana Ngala na watu wale wale.

"Barua ya kujieleza hii hapa. Imeandikwa na mashine yenyewe."

Bwana Ngala akasoma, akaikunja. "Twende tukazungumze ofisini."

"Hapana. Umenitukana mbele ya hawa, tuzungumze mbele ya hawa. Jana saa moja na dakika arobaini, nani alikuwa ofisini?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Dzombo aliangalia sakafu, akasema, "Mimi nilimpelekea Bwana Ngala soda."

"Ni kosa dogo tu," akasema Bwana Ngala. "Basi, samahani. Yamekwisha."

"Na ya vidole vya taipu?"

Bwana Ngala akaitia karatasi mfukoni. "Na hayo pia," akasema chinichini.

Alasiri akaja ofisini, mpole, kumwomba amwekee vile viwanja vipya, maana hata jana kwenye televisheni vilitoka bila rangi na picha ikakimbia juu chini.

"Kitabu kipo rafuni," akasema Mahfudha, vidole haviachi kupiga barua. "Wanaume nao wanaruhusiwa kukisoma."

Nyumbani mamake, Bi Shekha, alimsikiliza hadi mwisho. "Si amekuomba radhi? Mbona ungali umefura?"

"Kwa sababu mpaka nilete karatasi, mama. Neno langu peke yake hawakulitaka."

Akala chakula chake, na kesho yake akaenda kazini bado amenuna.