Binti Yangu Iko Fine

Mimi shule niliiacha mapema, ngombe njo walinifundisha. Zizi langu hapa kijijini Burungu nililijenga mwenyewe, na Kifaransa nimekipata kwa kusikiliza tu. Kiingereza kilinishinda, tena kwa neno moja.

Binti yangu anaishi Uganda. Walimupasua uvimbe wa shingo, daktari akamukataza kusema. Simu ikabaki kwa mutoto wake, musichana aliyezaliwa kule. Kiswahili anakisikia, kujibu anajibu Kiingereza. Nikamuuliza mama yake iko namna gani.

"Fine," akasema.

Nikaenda kwa mwalimu wa Kiingereza.

"Fine ni kusema nini?"

"Inategemea, Papa. Ni muzima. Ao muzuri wa sura. Siku bila mvua, fine. Uzi mwembamba, unga laini, yote fine."

"Na mugonjwa?"

"Akipata nafuu, fine. Na muntu asiyetaka kuulizwa sana, naye anasema fine."

"Sasa binti yangu njo fine gani?"

"Papa, hiyo utaisikia kwa sauti. Kitabu hakitakuambia."

Nikamwambia aliyetunga neno hilo alikuwa muvivu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Sisi wafugaji, ukituambia ngombe iko muzuri, hatutoki hapo bila kuuliza. Anacheua? Pua iko na maji ao imekauka? Masikio iko baridi? Masikio ya baridi ni ugonjwa. Basi nikapiga tena, nikauliza hivyo hivyo. Mama amekula? Fine. Amelala? Fine. Nikasema, mushike masikio, uniambie.

Mutoto akacheka. Nikasikia simu imewekwa juu ya kitanda, haikukatwa.

Halafu sauti ingine ikatoka, kavu, ya kukwaruza, kama ya mwanamuke muzee. Sikuitambua mara moja.

"Mwambie baba niko muzuri. Asihangaike."

Mutoto akarudi kwa simu. "Fine, Babu."

Daktari alimukataza binti yangu kusema, naye akasema kwa sababu yangu. Njia ya kufika kule mimi sina, na ningefika ningefanya nini? Nilikuwa na maswali mengi bado. Nikamwambia mutoto sawa, nimesikia, nikakata mimi mwenyewe, kwa maana ningeuliza tena, angesema tena.