Kilima cha Dakika Kumi na Nne

Niseme ukweli mapema: mwanzoni sikumpenda Awinja. Umesimama kwenye meza ya kuchambua avokado tangu alfajiri, miguu imevimba, halafu mtu mwenye koti zito anatoka na kipimajoto chake kukuambia kreti yako irudi nyuma. Utampenda vipi? Mimi ni Namalwa, na mdomo wangu unajulikana Matete nzima. Nilimwita Bibi Barafu, na jina likashika.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa kwenye kituo cha kupoza maziwa huko Lugari, miaka tisa. Kikundi chetu kilipojenga banda la kupakia avokado, na chumba cha baridi nyuma yake, yeye peke yake ndiye aliyejua kukitunza. Tunda likichumwa huja na joto la shamba. Awinja huliingiza chumbani, hulilaza humo, halafu huchoma moja moja kwa sindano ya kipimajoto hadi moyo wa tunda usome digrii sita. Likifika hapo, anasema, limelala. Litakaa baharini zaidi ya mwezi mzima, liamke Ulaya.

Mimi sikuamini. Avokado ikikaa kwangu juu ya kabati siku tano inapakwa kwa mkate. Siku moja akanishika mkono, akaniingiza mle chumbani na kufungua sanduku.

"Hizi ulizichambua wewe mwenyewe wiki tatu zilizopita," akasema. "Bonyeza."

Nilibonyeza. Zilikuwa ngumu vilevile kama siku zilipotoka mtini. Pumzi yangu ilikuwa inatoka kama moshi, hapa hapa Matete, na nje watu walikuwa wanatafuta kivuli. Tangu siku hiyo lile jina nililiacha, ingawa wengine waliendelea nalo.

Basi likaja kontena la kwanza. Familia sitini zilikuwa zimeng'oa mahindi na miwa kupanda avokado, zikangoja miaka minne. Lililetwa na dereva mmoja anaitwa Maina, jeupe pe, mashine ya baridi inanguruma kwa mbele. Awinja alikuwa ametuimbia mpaka tukachoka: ile mashine haipozi tunda lenye joto, inalinda tu ubaridi ambao tunda limekuja nao. Tena milango ikiwa wazi mashine huzimwa. Kwa hivyo pakieni, fungeni. Tulipakia kama watu wanaoanua mahindi mvua ikinyesha. Kwenye sanduku la mwisho, karibu na mlango, akatia kidude kidogo, ukubwa wa kiberiti, kinachoandika joto kila baada ya dakika chache, safari nzima.

Tulimaliza saa nne na nusu, jua limeanza kuuma. Awinja akashika mlango. Hapo Mzee Philip akainua mkono.

Mzee Philip ndiye mwenyekiti wetu, na ni mzee wa kanisa. Pia ni baba mkwe wake Awinja. Kwetu hakuna kinachotoka nyumbani bila maombi, awe mtoto anayeenda sekondari au ng'ombe wa mahari, na mtu huomba akikitazama anachokiombea. Mzee akaweka mkono juu ya lile sanduku la mwisho. Tukavua kofia, tukafumba macho. Akawaombea waliopanda. Akawaombea waliochuma. Akashika barabara, Eldoret, Nakuru, Nairobi, mji kwa mji. Akamwombea Maina na magurudumu yake yote.

Mimi hufumbua jicho moja. Nilimwona Awinja akitazama kipimajoto, akimtazama mzee, akirudi kwa kipimajoto. Niwaeleze wasiotujua: hapa kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawapeani hata mkono. Hakalii kiti chake. Hamkatizi akizungumza na watu, sembuse akizungumza na Mungu. Na mzee alikuwa ndiyo kwanza anafika Mombasa, bahari yote ilikuwa bado.

"Baba," Awinja akasema polepole, "unisamehe. Naomba utoe mkono."

Mzee akafungua macho. Akautoa mkono, nafikiri kwa mshangao tu. Yule mwanamke akasukuma mlango wa kwanza, akasukuma wa pili, akashusha vyuma, akatia lakiri. Maina akawasha mashine. Hakuna aliyesema amina.

Kufika jioni, Matete yote ilikuwa na neno moja. Mzigo ukioza, ni yeye, kwa sababu alikata maombi katikati. Mzee mwenyewe hakusema kitu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ni mjane, chakula chake hutoka jikoni kwa Awinja na hupelekwa na binti wa Awinja, Ashley. Jioni ile Ashley alirudi na sahani kama alivyoipeleka, kifuniko juu, obusuma, ugali wetu, haijaguswa. Kesho yake vilevile. Mzee akaanza kula kwa dada yake. Awinja hakuacha kupika hata siku moja, na sahani haikuacha kurudi.

Meli ilipita njia ndefu, ikazunguka chini kabisa kule Afrika Kusini. Saa ya chakula Awinja alikuwa ananionyesha kwenye simu, kidoti kidogo katikati ya buluu. Kushoto maji, kulia maji. Nilikuwa nafikiria zile avokado nilizozishika kwa mikono hii, kwamba ziko mle, gizani, kwenye baridi, zimelala, na dunia inapita chini yake. Nimeishi miaka hamsini na mbili na sijawahi kustaajabu hivyo.

Awinja hakuwa na nafasi ya kustaajabu. "Namalwa," akaniambia siku moja, "zikifika zimeiva, mimi nitakaa boma lipi?"



Siku ya arobaini na moja ripoti ikaingia kutoka kwa wanunuzi wetu Uholanzi. Masanduku machache ya mlangoni yalikuwa yamelainika kidogo, wakayauza kwanza. Yaliyobaki yote yalikuwa magumu. Wanataka kontena lingine. Watu wakapiga vigelegele, lakini mzee alikuwa ameshika karatasi iliyokuja na ripoti, ile iliyotolewa kwenye kile kidude. Ilikuwa na mstari mmoja. Mwanzoni kabisa mstari ulipanda kama kilima, ukashuka.

"Hiki ni nini?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Awinja tangu siku ile.

Awinja alikuwa amesimama mbali, macho chini. "Ni sisi, Baba. Dakika kumi na nne. Mlango ulikuwa wazi."

Kidude cha ukubwa wa kiberiti kilikuwa chini ya mkono wa mzee akiomba, na kimeenda kuyasema maombi yetu Uholanzi.

"Na wenyewe wameuliza?"

"Wameuliza. Nimewajibu kwamba mlango ni kazi yangu, na nilichelewa kuufunga."

Kila mtu pale bandani alijua nani alichelewesha. Kidole cha mzee kikashuka kile kilima, kikaanza kufuata mstari, umenyooka kabisa, kuelekea upande wa pili wa karatasi.

"Na huku?"

"Hapo ni barabara. Hapo ni bandari, Mombasa. Kutoka hapo ni bahari mpaka mwisho."

"Haukupanda tena?"

"Haukupanda, Baba. Hata digrii moja."

Mzee akavua kofia. Alikaa na ile karatasi muda mrefu, kidole kikienda na kurudi juu ya bahari.

"Huku kote sikuwa nimefika," akasema. "Niliishia Mombasa."

Akaikunja karatasi vizuri, akaitia mfuko wa koti.

"Mama Ashley," akasema, "leo umepika nini?"

Kabla Awinja hajafungua mdomo nikamjibia mimi: ingokho, kuku. Ulikuwa uongo mtupu, nilijua ana mboga peke yake. Nikakimbia nyumbani kumkamata jogoo wangu, tukampika pamoja, firigisi, fungu la mzee, tukaiweka juu kama inavyotakiwa. Ashley akapeleka. Kufika saa mbili alirudi, Awinja akafunua sahani, na ndani kulikuwa na mifupa tu.