Wifi Yangu Anakohoa, na Mrija wa Shisha Nilimpa Mimi

Admin, jina langu lifiche, mji ukitaka utaje tu, Kasulu ina saluni nyingi. Nina miaka thelathini na moja, nimeachika, nina mtoto mmoja wa darasa la pili na naishi na mama yangu. Kazi yangu ni kusuka na kuosha nywele. Sijaja hapa kujisafisha, maana mdomo wangu mwenyewe ndio ulionifikisha hapa.

Nyuma ya saluni kuna chumba cha stoo. Mwaka jana niliweka bomba la shisha humo, langu na mashoga zangu wanne, tukawa tunakutana Jumapili mchana wateja wakipungua. Shisha imekatazwa, najua, kwa hiyo mlango tunafunga, dirisha tunaziba na kanga, tunapiga umbea mpaka macho yanawasha. Bomba moja, mrija mmoja, tunapokezana. Nilinunua vile vidude vya plastiki vya kila mtu kuweka mdomoni mwake, vikaishia kwenye droo. Sisi wengine tumekua tukiwaona wazee wa Makere, upande wa mama, wakinywa pombe ya ndizi kwenye mtungi mmoja na kupeana mrija, na ukiupangusa kabla ya kunywa umemtukana aliyekupa. Siku shoga mmoja alipotoa kidude chake tulimcheka, tukamuuliza kama ametuona tunaumwa. Hakukitoa tena.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa hataki kabisa. Alikuwa na miezi miwili tu tangu ajifungue mtoto wa kike, kapewa jina langu, ni somo yangu, kwa hiyo na lake nalificha. Nilimwambia, "Wifi, hii siyo sigara. Moshi unaoshwa na maji, kinachobaki ni harufu ya matunda." Nilisema kwa uhakika utadhani nimesomea. Akavuta, akakohoa, tukacheka, akavuta tena. Tangu siku hiyo akawa hakosi Jumapili. Mtoto tulimlaza kwenye kochi humo humo ndani, kwa sababu nje angelia na watu wangekuja kuuliza. Kaka ana duka la vitambaa, mtu wa swala tano, na alishaapa kwamba mke wake akivuta chochote atarudi kwao. Kwa hiyo wifi akitaka kuondoka nilikuwa nampaka mafuta ya nywele yenye harufu kali, aseme ametoka kusuka. Jamani, nilijiona mjanja.

Aliyeanza kukohoa ni mimi. Nikasingizia vumbi la kiangazi. Shuka likawa linalowa jasho, nguo zikanipwaya, mpaka siku niliyotema damu kwenye sinki la kuoshea nywele, mteja amekaa ananiangalia. Kituo cha afya wakapima makohozi, wakaniambia ni kifua kikuu. Nesi, mama mtu mzima, mpole, akaniuliza navuta nini. Nikamwambia nusu ya ukweli, kwamba niliwahi kuvuta shisha. Akasema maji yale yanapoza moshi tu, sumu inapita kama kawaida, na makaa yanaongeza ya kwake, halafu mapafu yakishachoka ugonjwa haupati shida kuingia. Nikamuuliza kuhusu mrija.

"Mrija nao ni mbaya," akasema, "ila ninachokiogopa zaidi ni chumba. Mlikuwa wangapi humo, na dirisha mlifungua?"

Nikamjibu nilikuwa navuta peke yangu. Akanipa karatasi niandike watu wote ninaokaa nao ndani, waitwe wapimwe, watoto kwanza. Niliandika mama na mwanangu. Wamepimwa, wako salama, namshukuru Mungu. Mistari mingine niliiacha wazi. Kila nikienda kuchukua dawa yule mama ananiuliza kama nimekumbuka mtu mwingine, na mimi natikisa kichwa.

Sasa niko wiki ya tatu ya dozi. Bomba nimelificha kwenye kiroba, mashoga nimewaambia stoo inavuja, wao hawajui lolote. Na wifi anakohoa. Anasema ni vumbi la kiangazi, maneno yale yale niliyosema mimi. Amekonda, na kaka anafurahi, anasema mke wake amerudi usichana.

Jana alikuja saluni akataka kunipa mtoto nimshike, nikarudi nyuma. Nilikuwa na barakoa, nasingizia dawa za nywele zinanichoma. Akaniuliza, "Wifi, somo yako amekukosea nini?" Hapo hapo mtoto akakohoa, kikohozi kidogo, kikavu, akatulia, akakohoa tena. Wifi akampigapiga mgongoni akasema wala nisijali, kesho kutwa anampeleka Kibondo kwa mama yake akapate dawa ya majani. Nyumba ile naijua. Ina wajukuu watano wadogo na wote wanalala chumba kimoja na bibi yao.

Hiyo kesho kutwa ni kesho. Nikisema, kaka atamrudisha kwao na kichanga mkononi, kwa jambo ambalo nilimfundisha mimi. Naye wifi atajua kwamba wiki tatu nilijua nikanyamaza. Nikinyamaza, sihitaji mniambie kitakachotokea, maana damu yangu niliiona kwenye sinki.

Nitukaneni, nastahili, ila katikati ya matusi nipeni na neno la kuanzia. Nimfuate nani kwanza, wifi, kaka, au yule nesi na karatasi yake? Nishaurini leo hii. Gari la Kibondo linaondoka asubuhi, na wifi ameniomba nifike stendi nimshikie mtoto wakati anapakia mizigo.