Perege wa Sebuleni

Nikisikia harufu ya perege wa kukaanga, hasira inanipanda mpaka leo. Nilikuwa na mmoja sebuleni, kwenye tangi la kioo, mkorofi kuliko mwalimu wa nidhamu. Aliwaua wenzake wote, na mimi nikisogea anaivamia sura yangu. Nilimpenda kwa ujeuri huo.

Siku moja natoka shule, nakuta tangi tupu. Shangazi, mgeni wetu kutoka kijijini Mofu, yuko jikoni anatabasamu.

"Shikamoo shangazi. Samaki wangu yuko wapi?"

"Marahaba. Si mlimweka majini asioze? Kaa ule, baba."

Mama akanikazia macho nisimwaibishe mgeni. Nikapewa kichwa, eti kwa heshima. Jicho lilikuwa limenikodolea, bado linataka ugomvi.