Maziwa Niliyomnywesha kwa Wivu

Mke mwenzangu alipata mjukuu wiki moja kabla yangu. Hilo peke yake lilinichoma, maana mke mkubwa ni mimi. Kliniki tulikwenda pamoja, sisi bibi wawili na wake za wanetu. Mjukuu wake akiningʼinizwa kwenye mzani, mshale unakimbia. Wangu alikuwa mzima, anacheka, lakini mwembamba.

"Dada, huyo mnamfungisha?" mke mwenzangu aliniuliza mbele ya wanawake wote wa Runazi waliokuwepo. Wakacheka. Nikacheka nao, kwa meno tu.

Nesi alishasema mtoto apewe maziwa ya mama tu mpaka miezi sita. Nilimsikia vizuri, sina cha kujitetea. Ila nilikuwa na ngʼombe wawili wa maziwa, na kwetu mwenye ngʼombe kuonekana na mtoto mwembamba ni aibu. Mkwe wangu akienda kupalilia mihogo, nachemsha maziwa, natia sukari, namkingia mtoto kiganja mdomoni, namimina mpaka ameze. Alikuwa na miezi miwili. Baadaye nikaongeza na uji. Mama yake akirudi anamkuta nimeshamfuta mdomo. Haukupita muda akampita uzito yule wa mke mwenzangu, nikarudi nyumbani naimba.

Sasa wasichana hao wana miaka kumi na minne. Wa mke mwenzangu anakimbia mbio za shule, na bibi yake hupita kwangu makusudi kunisimulia. Wangu ni mnene mpaka kupanda kilima cha shule kunamtoa jasho, na wenzake wanamcheka. Nikimwona yule mwingine anakimbia, moyo unaniuma bado.

Juzi wangu akaanguka darasani. Kumbe alikuwa na siku mbili hajala, anataka kupungua. Tukampeleka zahanati, mimi na mama yake.

"Kwenu kuna wanene?" daktari aliuliza.

"Babu yake na shangazi zake wote," mkwe wangu akajibu.

"Na uchangani mwake alilishwaje?"

"Maziwa yangu tu, miezi sita. Naapa."

Mtoto akainama. "Basi ni ulafi wangu," akasema.

Hapo nikashindwa. "Mama yako anaapia asichokijua," nikasema. "Nilikunywesha mimi." Nikaeleza yote, na sukari.

Daktari hakunigombeza. Alisema unene wa ukoo upo, na huenda ulaji ule wa mapema uliuongezea nguvu, lakini hakuna wa kupima kipi kimechangia kiasi gani. "Hata yule mwenzake ana damu ya babu huyohuyo," akasema. Akamwambia mtoto kushinda njaa si dawa: ale maharage na mboga, aache soda, atembee.

Mkwe wangu alikuwa ananitazama. "Mama, kumbe ndiyo maana alikuwa akikataa ziwa langu nikitoka shamba? Mimi nililia, nikijua maziwa yangu ni mabaya."



"Kwa hiyo si mimi, bibi?" mtoto akauliza.

"Si wewe. Kula."

Anakula sasa. Mkwe wangu haniachii tena nimpakulie. Jioni wanatembea wawili mpaka njia ya Nyamahanga na kurudi, wanacheka, kisha wanakula sahani moja. Mimi napewa yangu pembeni. Naona wivu, na safari hii nimeshika mikono yangu.