Mikebe ya Bibi Nyuma ya Kenyatta Market

Juzi nilisimama kwa muuza miche kando ya Ngong Road. Alikuwa na kijimea chenye vijiti vya kijani, vyembamba kama penseli, bila mwiba wala jani la maana. Nikamuuliza ni nini. "Zote hizi ni kaktasi, madam," akanijibu. Nikamwambia huo ni mnyaa, na kwamba maziwa yake ni hatari kwa macho. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akaendelea kumwagilia.

Mimi niliujua mnyaa nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa tumepanga nyuma ya Kenyatta Market, ghorofa ya kwanza, mahali ambapo moshi wa nyama choma uliingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Bibi, mamake baba, alikuwa ametoka Mombasa baada ya kufiwa na mumewe. Udongo wa kulima hakuupata. Alipata ukingo wa baraza na mikebe ya mafuta ya kupikia, akapanda humo vitu visivyodai mengi: mshubiri, mpungate wa vipande bapa, mnyaa, na vingine vya miiba alivyopewa na watu. Jicho lake moja lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho.

Asubuhi moja alikuwa akipunguza mnyaa. Tawi likakatika, maziwa yakamrukia jicho lililobaki. Nilisikia kisu kikianguka, kisha bibi akiita jina la Mungu kwa sauti ya chini. Jirani yetu, mama wa kutoka Kakamega, alikuwa anafua uani. Alipanda ngazi mbio na ndoo ya maji safi, akamlaza bibi kichwa mapajani, akawa anamimina kikombe baada ya kikombe.

"Nyanya, usisugue," alimwambia. "Wacha maji ipite."

Kisha akamshika mkono, wakateremka kuelekea hospitalini Upper Hill. Nilifuata nyuma nimebeba viatu vya bibi, kwani hakuna aliyekumbuka kumvisha.

Alirudi na bandeji. Daktari hakuahidi kitu. Mama yangu akataka mikebe yote itupwe siku hiyohiyo, na nadhani baba alikubaliana naye. Bibi akaniita nikae karibu.

"Niletee mmoja mmoja," akasema. "Nambie waona nini."

Ndivyo nilivyoanza. Nilimwelezea, naye akanifundisha kutofautisha. Kaktasi ya kweli, miiba yake hutoka kwenye kidoa chenye manyoya kama pamba. Jamii ya mnyaa, hata ikiwa na miiba, haina pamba hiyo, na ukiikwaruza hutoa maziwa. Mshubiri una meno pembeni mwa jani na utomvu mchungu wa manjano. Mpungate alinikataza kuugusa, kwa sababu ya vijiba vyake, miiba midogo isiyoonekana inayobaki kwenye ngozi. Alinielekeza kukata kipande na kukiacha kivulini mpaka kidonda kikauke, kuchanganya udongo na mchanga wa mjengo, kutoboa mkebe chini kwa msumari. Maji, alisema, nisubiri udongo ukauke mpaka ndani. Mnyaa wenyewe alikataa utupwe. Ulihamishiwa pembeni, juu, mbali na watoto.

Bandeji ilipofunguliwa, aliona mwanga, na baada ya siku kadhaa akauona uso wangu, ingawa kwa ukungu. Hakuweza tena kusoma msahafu. Alisoma alichokihifadhi, na jirani alikuwa akisimamisha kazi zake ili amsikilize, ingawa yeye ni wa kanisani.

Miaka ikapita, nyumba zile zikauzwa. Tukahamia Dagoretti, jirani akarudi kwao. Baadhi ya mimea ilivunjikia njiani, mingine ikaoza katika mvua za masika za mwaka ule, na bibi akafariki kabla ya mvua nyingine.

Siku hizi pale nyuma ya Kenyatta Market pana jengo la vioo lenye walinzi. Hupita hapo nikienda kazini. Uani palipofuliwa nguo pamekuwa maegesho ya magari, na katika watu wote wanaoingia na kutoka, hakuna hata mmoja ninayeweza kumsalimia kwa jina.